Bido ya Tate Mapenzi kwenye Uwanja wa Depo

Siku ile tuliokuwa uwanjani ni hawa. Mimi Wilondja, mwendesha pikipiki. Tate Mapenzi wa kijiji cha Lubondja, abiria wangu, mwanamke mzee. Kwetu bibi na babu wote tunawaita tate. Amisi, mlinzi wa uwanja, mwenye mnyororo begani kama shali. Papa Swedi, mkubwa wa parkingi yetu, yaani pale tunapokaa na pikipiki kusubiri abiria. Riziki, mdogo wangu, na beseni lake la mandazi. Na mwishoni alikuja yule aliyekodi uwanja, ambaye sote tulimwita Patro, na hapa pia nitamwita hivyo. Nawataja wote kwa sababu kila ninaposimulia habari hii hutokea kijana wa kuniambia kwamba baba yake naye alikuwepo. Hakuwepo. Tungekuwa wengi namna hiyo, mnyororo ungefunguka wenyewe kwa aibu.

Vijana wa parkingi, mmeniomba niwaandikie machache wale wanaoanza kazi, kwa kuwa mgongo wangu umestaafu kabla ya mdomo. Mimi si mtu wa kalamu. Shule niliiacha mwaka wa sita wa primeri, baba alipobaki ziwani na mama akamfuata kwa homa kabla matanga hayajaisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu walikuwa Asukulu, Riziki, na wa mwisho tuliyemwita Kadogo, ambaye leo ananipita kwa kichwa kizima na bado anaitwa Kadogo. Riziki sasa ni mwalimu. Ameyasoma haya kabla yenu na kutia alama nyekundu kila mahali. Pale nisipokubaliana naye nimeacha kama nilivyoandika.

Kazi nilifundishwa na Papa Swedi. Kuendesha nilijifunza mwenyewe, kwa kuanguka. Yeye alinifundisha vitu vya pembeni. Kwamba mchanga wa mji wetu wa Baraka unameza stendi, kwa hiyo tembea na kipande cha ubao, ukisimama ukiweke chini ya mguu wa pikipiki, la sivyo utarudi uikute imelala kama mlevi. Kwamba mpira uliokatwa kwenye tyubu ni bora kuliko kamba ya nailoni, kwa kuwa mpira unaukumbatia mzigo na nailoni inaukata. Kwamba gunia la ndagala, dagaa wakavu, hukaa juu ya gunia la unga, hata mwenye mzigo akilalamika, maana ndagala ikikaliwa nayo inakuwa unga. Kwamba bido, lile dumu la mafuta ya mawese, ikijaa mpaka shingoni haina shida. Ile inayochezacheza ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mafuta hukimbilia upande unaoinamia, na wewe unayafuata.

Mara ya kwanza kunituma na abiria mwenye mzigo, nilimshusha mama mmoja njiapanda, nikaweka magunia yake chini, nikarudi parkingini nikijisifu kwa haraka yangu. Papa Swedi aliuliza magunia yako wapi. Nikasema yamefika. Akatikisa kichwa.

"Peti," akasema, yaani mdogo wangu, "pikipiki imefika. Muzigo haiyafika bado. Muzigo inafikaka fasi mwenyewe anataka ikae."

Akanirudisha. Nikamkuta yule mama bado anazungukazunguka magunia yake akitafuta mtu wa kumsaidia. Tangu siku hiyo nilibeba mpaka mlangoni, na kama mlango ulikuwa wa depo, mpaka ndani, mpaka kwenye mizani. Hiyo ilikuwa desturi ya parkingi yetu yote. Wewe unabeba, abiria anabaki ameshika usukani ili pikipiki isilale. Walikuwa wanashika kwa namna zao. Wengi waliishika kama mtu aliyeshika mbuzi pembe, miguu imepanuliwa, wakiogopa isikimbie. Mke wa mchungaji mmoja aligundua honi, na tangu hapo kila nikimpeleka sokoni ilibidi nikimbie na mzigo, maana aliipiga mpaka nirudi.

Kisha zikajengwa depo. Mfanyabiashara mmoja aliweka safu nzima kwenye barabara inayoteremka ziwani: depo ya simenti, depo ya vinywaji, ya unga, ya mafuta, ya manjanja, mabati ya kuezekea nyumba. Mbele yake akamwaga simenti. Ulikuwa uwanja wa kwanza mjini ambapo pikipiki ilisimama bila kipande cha ubao. Tuliufurahia kama watoto, tukaingia na kutoka tukiwa tumekunjua miguu. Hatukujua kwamba mwenye depo alikuwa amemkodisha Patro ule uwanja, na kwamba Patro hakuwa na kitu kingine cha kuuza pale zaidi ya makosa yetu.

Kanuni iliandikwa ukutani kwa rangi. Ukileta mteja, karibu, kaa bure. Lakini pikipiki isiyo na shoferi juu yake ni pikipiki iliyotupwa, itafungwa mnyororo, na kutoka ni kwa kulipa amande, ndiyo faini. Amande yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ninachopata siku nyingi za kazi nzuri. Wa kufunga alikuwa Amisi, jirani yetu, mtu mpole ambaye kabla ya hapo alikuwa akishona nyavu. Funguo hakupewa. Funguo zilikaa na Patro.

Sasa fikirini, ninyi mnaoanza. Nani aliyekamatwa? Yule aliyemtupa abiria na gunia lake akabaki amekaa kwenye kiti, huyo hakukosa. Aliyeshuka ili abebe, ndiye aliyefungwa. Mimi ilinichukua muda kuliona hilo. Nilidhani wanaofungwa ni wazembe. Siku moja nikamwona mama mmoja ameinama peke yake juu ya gunia la muhogo, akijaribu kulivuta, na vijana watano wa parkingi yetu wamekaa juu ya pikipiki zao wakimtazama. Hawakuwa watu wabaya. Niliwajua wote, na mmoja wao alikuwa Asukulu, ndugu yangu wa damu. Nilipomuuliza jioni alinijibu bila kuniangalia, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa: "Yaya, kule kumuinua mama ni amande. Mi sina." Nilikaa na neno hilo. Amande ile haikuwa inachukua pesa zetu tu. Ilikuwa inatufundisha kazi upya, kinyume na Papa Swedi, na ilikuwa inafundisha haraka kuliko yeye.

Kwangu kulikuwa na jambo zaidi. Pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mama Apolina, mjane mwenye moyo mzuri na sharti moja: kila jua linapozama pikipiki yake ilale kwake. Kijana aliyenitangulia aliiacha nje siku moja, na siku iliyofuata alionekana nayo mbali, bandarini Kazimia, akipakia samaki, na kuirudisha ilikuwa vita. Kwa hiyo Mama Apolina aliniambia mapema, tena kwa upole: "Mwanangu, ikilala inje mara moja, kesho asubui nitaipatia mwengine. Sitakuuliza juu ya nini." Na pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa sufuria yetu, na karo ya Riziki, aliyekuwa amebakiza kidogo afanye mtihani wa diplome. Mandazi aliyouza yalinunua kalamu tu.

Basi siku ile. Nilimtoa Tate Mapenzi Lubondja alfajiri na bido tatu za mawese, mbili zikining'inia ubavuni, moja mbele ya magoti yangu. Njia nzima alinieleza habari ya nyumba yake. Alikuwa anaiezeka manjanja upande kwa upande, kila mavuno ya michikichi upande mmoja, na nyasi zilikuwa zikirudi nyuma kama maji ya mafuriko yanavyorudi mtoni. Imebaki kona moja, alisema, ile ya juu ya kitanda chake. Bido mbili ni za chumvi, sabuni na manjanja chache. Ile ya tatu ndiyo inamaliza kona. "Nitalala nasikia mvua inapiga ngoma," alinipigia kelele sikioni, "na mi niko mukavu."

Tukaingia uwanjani. Depo ya mafuta ilikuwa ya mwisho kabisa. Nikashuka, nikampa usukani, naye akaushika pembe za mbuzi kama wengine. Nikabeba bido mbili, moja kila mkono, nikaziweka kwenye mizani, nikageuka. Nilipotoka Amisi alikuwa anasimama kutoka kuchutama, na mnyororo ulikuwa umepita katikati ya gurudumu la mbele. Tate Mapenzi alikuwa bado ameshika usukani, anatabasamu.

"Kijana huyu ni muzuri," aliniambia. "Ameifunga isianguke. Nilimuambia aksanti."

Amisi aliangalia chini.

"Amisi," nikasema, "fungua."

"Yaya Wilondja, uliacha pikipiki bila shoferi."

"Haikubaki peke yake. Tate alikuwa ameshika."

"Tate haiko shoferi."

Tabasamu la Tate Mapenzi lilichelewa kuondoka, kama mgeni ambaye hajaelewa kwamba anafukuzwa. Kisha likaondoka.

"We mutoto," alimwambia Amisi. "Mi nilishika hii kintu kwa mikono mbili. Uliona mikono yangu?"

"Niliiona, tate."

"Ukafunga, mikono yangu iko pale pale, mi nakuambia aksanti."

"Njo vile, tate."

"Sasa iko bila mutu namna gani?"

"Kanuni inasema shoferi."

"Kanuni iko wapi?"

"Kwa ukuta."

Tukageuka sote kuutazama ukuta. Mifuko ya simenti ilikuwa imepangwa mbele yake mpaka karibu na paa. Yaliyobaki juu yalikuwa maneno mawili, KARIBU SANA.

Riziki alikuwa mlangoni pa uwanja. Aliacha beseni akakimbia kumwita Papa Swedi. (Ameandika hapa kwa nyekundu kwamba hakuliacha, alikimbia nalo kichwani na halikumwagika hata andazi moja. Sawa.) Papa Swedi alikuja anatembea polepole, kama kawaida yake anapokasirika.

"Amisi, unanijua mi ni nani?"

"Nakujua, papa. Njo maana nakuomba usinigombeze mbele ya batu." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Papa, mi sina mushahara. Nakula kwa munyororo. Siku munyororo haifunge kintu, bana kwangu, batoto bangu, hawakule. Na funguo sina. Munipige, bado sina."

Hilo nataka mlishike. Wengi wenu mnagombana na mlinzi. Mlinzi naye amefungwa mnyororo, ni vile tu wa kwake hauonekani.

Tulimsubiri Patro mpaka jua likaanza kwenda upande wa milima. Akafika na pikipiki yake, safi, shati limepigwa pasi. Akaisimamisha katikati ya uwanja, akashuka, akaja kutusalimia mmoja mmoja kwa mkono. Tate Mapenzi hakutoa mkono wake. Ulikuwa bado uko kwenye usukani.

"Na ile ya kwako," aliuliza, "nani ameishika?"

Watu waliokuwa kwenye milango ya depo walicheka. Hata Amisi alikohoa. Patro pia alicheka, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Mama, uwanja ni yangu. Pikipiki yangu iko kwake."

"Na sisi tuko kwa nani?"

"Muko bageni. Mugeni anafuataka sheria ya nyumba." Akanigeukia. "Ukilipa leo, inatoka leo. Kama haiko leo, ilale. Lakini ujue kulala nako kunalipwa."

Papa Swedi alipindua mifuko yake. Sanduku la parkingi lilikuwa tupu, tulikuwa tumetoka kuzika. Mimi nilikuwa na nauli ya asubuhi tu, na petroli ilikuwa imekwisha kula nusu yake. Niliangalia jua. Nadhani nililiangalia mara nyingi, kwa sababu Tate Mapenzi aliniuliza kuna nini huko juu. Sikukusudia kumwambia. Nikamwambia: habari ya Mama Apolina, na sharti, na watoto.

Tate alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaachia usukani, kwa mara ya kwanza tangu tufike, akaweka mkono juu ya ile bido ya tatu iliyokuwa bado imefungwa mbele ya kiti.

"Patro, shika hii," alisema. "Sikulipe. Ikuwe garanti. Huyu atakuletea makuta yako ya amande, we utamurudishia bido, yeye atanifikishia. Njo vile?"

"Tate, hapana," nikasema. "Hii ni kona ya juu ya kitanda."

"Mi nimelala chini ya nyasi tangu nizaliwe. Mvua inanijua. Bana bako, nani anabajua?"

Patro alitoa funguo.

Nilifika kwa Mama Apolina mwanga wa mwisho ukiwa bado ziwani. Alikuwa amesimama mlangoni. Akafungua lango. Kesho yake Tate Mapenzi alipanda lori la kurudi kwao na manjanja chache alizopata. Mimi ndiye niliyezifunga, kwa mpira. Aliniambia nisikimbie barabarani kwa ajili yake.

Nikatafuta amande ile kwa siku zote za wiki, na soko lililofuata nikaenda nayo uwanjani pamoja na Papa Swedi kuikomboa bido. Patro alitupokea vizuri. Akatuambia, kwa masikitiko, kwamba bido ililala uwanjani tangu siku ile, na kulala kunalipwa. Amejumlisha amande na malipo ya kulala, mafuta yenyewe hayakutosha, lakini kwa sababu anatuheshimu hatadai kilichobaki. Amekwisha kuyauza.

Papa Swedi alimsogelea. "Bido haina magurudumu," alisema.

"Iko kwa uwanja wangu, papa."

Mpaka leo sijasikia maelezo mengine. Amande ya pikipiki yangu ililipwa na mafuta ya mwanamke ambaye hajawahi kuwa na pikipiki, na mafuta yenyewe yakapigwa amande ya kusimama. Nikarudi nyumbani na pesa zangu zote mfukoni, na sijawahi kuwa na pesa nzito namna ile.

Mnauliza kwa nini hatukumshtaki. Papa Swedi alikwenda kwenye bureau moja ya serikali, akaambiwa uwanja ni mali ya mtu na mkataba upo. Akaja na njia nyingine. Alituita wote parkingini, akasema kuanzia sasa hakuna anayeingia pale peke yake. Tunaingia wawili wawili. Mmoja anabeba, mwenzake anakaa juu ya pikipiki ya anayebeba, na mguu mmoja anautandaza juu ya ile yake. Kanuni inataka shoferi juu ya pikipiki, ataona mashoferi. Siku ya kwanza Asukulu, mwenye miguu mirefu, alikalia pikipiki mbili na akaegemea ya tatu, na Amisi akazunguka na mnyororo wake kama mtu anayetafuta mbuzi wa kuchinja kwenye kundi la simba. Tulicheka. Lakini nilimwona Papa Swedi anachota mandazi kwenye beseni la Riziki na kumpelekea Amisi, akisema ni ya watoto. Alifanya hivyo kila siku mpaka Amisi aliporudi kwenye nyavu zake.

Patro hakushindwa, msijidanganye. Abiria wengi walianza kuomba kushushwa upande wa pili wa barabara, kwenye mchanga, wakanunua huko, na wafanyabiashara waliopanga zile depo wakaanza kunung'unika kwa yule aliyezijenga. Hao ndio aliowasikiliza. Mkataba ulipokwisha hakuuongeza, na Patro alihamia biashara nyingine. Mnyororo uliachwa kwenye kona, ukapata kutu.

Nawaandikia haya sasa kwa sababu amande imerudi, na haitaki hata mnyororo. Kuna viwanja vipya, na mlinzi ana simu. Anapiga picha namba ya pikipiki iliyo peke yake, picha inatumwa, na jioni wewe unaambiwa una deni mahali ambapo hukumbuki hata kusimama. Hivi karibuni kijana mmoja wenu alikuja kwangu na picha kama hiyo. Alikuwa amemshika mkono babu mmoja kumpandisha ngazi za depo. Aliniuliza: "Papa Wilondja, niache kubeba batu?"

Nilimjibu hivi, na ninyi nawajibu. Kabla ya kuingia, muulize mlinzi kanuni, akusomee kwa sauti, mbele ya abiria. Ukishuka, mwachie abiria usukani, na wewe pia upige picha, mikono yake ionekane. Ingia na mwenzako kila unapoweza. Ukiandikiwa, usilipe kwa hasira wala usikimbie. Nenda kwa mwenye depo ambaye mteja wake ulimletea, ukiwa na abiria huyo huyo, umwambie huyu ndiye niliyekuwa nambeba kuja kununua kwako. Na mlinzi usimtukane. Lakini kubeba, usiache. Siku mtakapoacha, hata wafute amande zote, watakuwa wamekwisha kutuchukulia kitu, na hicho hakuna uwanja wa kukikombolea.

Nirudi kwa Tate Mapenzi. Pesa ile nilitaka kumpelekea mara moja. Barabara ya Lubondja ilifungwa. Mnajua barabara zetu zinavyofungwa, hakuna haja niwaeleze. Magari hayakupanda, watu waliteremka na magodoro kichwani. Riziki ndiye aliyesema nisikae na pesa ndani ya nyumba yenye njaa, zitaliwa. Ninunue manjanja zenyewe, za kutosha kona, maana manjanja haziliwi. Nikanunua.

Njia ilipofunguka, kiangazi, nikazifunga kwenye pikipiki na kupanda. Nyumba niliijua bila kuuliza. Paa lote lilikuwa linang'aa, isipokuwa kona moja, nyasi zimekuwa nyeusi na zimebonyea katikati. Chini yake ndipo kilipokuwa kitanda. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya.

Jirani alitoka akanisalimu. Tate aliteremka pamoja na binti yake wakati wa kukimbia vita. Inasemekana walifika Kazimia wakavuka ziwa. Au hawakuvuka. Hakujua.

"We pigilia tu hizo manjanja," aliniambia. "Atakuja kuzikuta."

Nilifikiri. Nyumba isiyo na mtu, yenye manjanja mpya, ingekaa nazo mpaka mwezi uandame tu. Na hata kama zisingeibwa: bido yake aliitoa kwa ajili yangu, akiniangalia, nami nilitaka kumrudishia mkononi. Nikateremka nazo. Baadaye nilikwenda Kazimia, nikauliza bandarini, kwenye mitumbwi inayopakia samaki, habari ya mwanamke mzee wa Lubondja anayeitwa Mapenzi. Mwenye mtumbwi mmoja alinihurumia. "Ndugu yangu," alisema, "wanawake wazee tuliovusha ni wengi. Na nusu yao walikuwa Mapenzi."

Manjanja zile ziko kwangu, zimeegemea ukuta nyuma ya mlango. Nilikuja kuwa na pikipiki yangu, nikaimaliza, nikaiuza mgongo ulipokataa, na zenyewe zipo. Jiko letu linavuja. Kila masika Riziki anaweka beseni lake la zamani chini ya tundu, anasimama ananitazama, kisha anaitazama ile pembe nyuma ya mlango.

"Yaya, hata mbili tu. Akifika tutanunua zingine."

"Haiko zetu."

"Najua haiko zetu. Mvua haijue."

Hapo huwa nahamisha beseni.

Ninyi bado mko barabarani, mnabeba watu wa kila upande, na wengi wanaanza kurudi kutoka ng'ambo. Mkimpata mwanamke mzee sana, anayepiga kelele sikioni mwako juu ya nyumba yake, anayeshika usukani kama pembe za mbuzi na kumwambia aksanti hata mtu anayemfunga, mbebeeni mzigo wake mpaka mahali anapotaka ukae. Kisha muulizeni kama aliwahi kulala Lubondja chini ya kona ya nyasi. Akikubali, mleteni kwangu, au niiteni mimi. Mwambieni manjanja zake zipo, hazijapigwa msumari hata mmoja.